Upasuaji wa uvimbe kwenye ovari: tupeane uzoefu, kabla ya thieta na baada

Kanga Moko
Wakuu, habari za jioni. Kule kwenye uzi wa faibroidi kuna dada kauliza kuhusu uvimbe wa ovari, kaambulia "pole" nyingi na mtu mmoja wa kumwelekeza kwa mganga. Tufungue uzi wake hapa. Wa wodini, wa maabara, mnaouguza ndugu, mwageni mnachokijua, ila kiwe kitu cha kushika mkononi.

Naanza na dogo: shanga za kiunoni zivuliwe nyumbani. Zikikutwa mezani thieta zinakatwa kwa mkasi, zinamwagika sakafu nzima na sista anakununia. Hereni, kipini, pini za chuma kwenye wigi, vyote vibaki kwa ndugu. Kile kifaa cha umeme cha kuunguza mishipa ili isivuje damu kinaweza kuunguza na ngozi pale chuma kinapogusa.

Fundi Ganzi
Na kucha. Ile klipu ya kidoleni inasoma oksijeni kwa kupitisha mwanga. Rangi nyeusi, kucha za kubandika, piko iliyokolea mpaka ncha ya kidole, basi mashine inasoma uongo au inagoma kabisa. Hina nyekundu haisumbui sana. Hata kama ni biharusi, aache vidole viwili vitupu.

Mke wa Mvuvi
Biharusi na uvimbe wapi na wapi jamani.

Fundi Ganzi
Uvimbe hausubiri kadi za mchango ziishe.

Dada Maabara
Huyo dada aulizwe kwanza: uvimbe una sentimita ngapi, na ndani una nini? Ripoti ya utrasaundi ikisema maji matupu, ukuta mwembamba, sentimita 4, na bado anapata hedhi, mara nyingi kisu hakihitajiki. Kipimo kinarudiwa baada ya miezi miwili mitatu na uvimbe wa hivyo mwingi hunywea wenyewe. Mambo yanabadilika ripoti ikitaja vyumba vyumba, sehemu ngumu ndani, uvimbe pande zote mbili, au maji yaliyojaa tumboni. Hapo ndipo kipimo cha damu cha CA-125 kinapoombwa. Chini ya 35 inahesabiwa kawaida, lakini msizimie mkiona 80. Hedhi, mimba changa, faibroidi, endometriosi (nyama kama ya ndani ya kizazi kuota nje yake), hata kifua kikuu cha tumbo huipandisha. Na saratani changa inaweza kukaa na namba nzuri tu. Ndiyo maana daktari haiangalii peke yake. Anaizidisha na pointi za utrasaundi na pointi za kukoma hedhi. Jibu la kuzidisha likivuka 200, mgonjwa aonwe na bingwa wa saratani za wanawake KABLA ya kukatwa. Kwa msichana mdogo vinaongezwa vipimo vingine vya damu, AFP, beta hCG na LDH, kwa sababu uvimbe wa umri ule ni wa aina nyingine.

Sista Zamu ya Usiku
Nakazia. Halafu wasisahau uvimbe kujisokota. Ovari yenye uvimbe, hasa kuanzia sentimita 5, inaweza kujizungusha kwenye mshipa wake kama kanga inavyokamuliwa. Maumivu ya ghafla upande mmoja, kutapika, jasho. Hiyo siyo ya kusubiri tarehe ya kliniki wala ya kukandwa na maji moto. Ni saa chache kati ya ovari kuokolewa na ovari kuwa nyeusi.

Na fomu ya ridhaa isomwe ukiwa umekaa, siyo ukiwa umeshalazwa kwenye kitanda cha magurudumu. Uliza: unatoa uvimbe peke yake au na ovari yake? Ukikuta ya pili nayo mbaya unafanyaje? Kizazi kinaguswa? Majibu yaandikwe palepale kwenye fomu. Ovari moja nzima ikibaki, hedhi inaendelea na mimba inashika. Zikiondoka zote mbili kwa mwanamke wa miaka 30, siku chache tu joto linampanda usoni, usingizi unakatika, na mifupa inaanza kudhoofika kabla ya wakati. Aulizie homoni za kurudishia kabla hajaruhusiwa.

Mama Kibarazani
Na ajinyoe vizuri usiku wa kuamkia. Sista wakikuta msitu wanasema.

Fundi Ganzi
Hapana mama. Wembe unaacha vijeraha visivyoonekana, wadudu wanalala humo mpaka asubuhi. Nywele ziachwe, au zipunguzwe kwa mashine siku hiyohiyo pale hospitali.

Mama Kibarazani
Mwanangu, tumenyoa watu kabla hujazaliwa. Hakuna aliyekufa kwa wembe.

Sista Zamu ya Usiku
Hakufa mama, alitoa usaha siku ya tano, mkasema daktari kashona vibaya.

Mke wa Mvuvi
Nimekaa paleee.

Fundi Ganzi
Tuendelee. Kufunga kula. Chakula kizito mwisho ni muda wa saa nane kabla ya dawa ya usingizi, chepesi na maziwa saa sita kabla, maji matupu mpaka saa mbili kabla. Chai ya maziwa ni chakula. Uji ni chakula, hata ukiwa mwepesi kama maji ya mchele. Wodi nyingi zinakata kila kitu kuanzia usiku wa manane kwa sababu orodha ya thieta inapangua. Uliyekuwa wa nne unaitwa wa kwanza. Muulizeni mtu wa usingizi akipita jioni. Sababu ya ukali huu ni kwamba ukiwa nusu kaputi koo halijilindi, kilichoko tumboni kinapanda na kushukia kwenye mapafu. Na uvimbe mkubwa unalikandamiza tumbo, hatari inazidi. Ndugu anayemhurumia mgonjwa kwa kikombe kimoja ndiye anayefanya upasuaji uahirishwe, akiwa na bahati.

Dawa nazo. Warfarini, ile ya kuzuia damu kuganda, kwa kawaida husimamishwa siku tano kabla, vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni mbili wiki nne, mitishamba yote wiki mbili. Ya presha asiache kienyeji; ya sukari asimeze asubuhi hiyo bila maelekezo. Damu ikiwa ndogo, vidonge vya kuongeza damu vianze wiki kadhaa mapema, vimezwe na ndimu au chungwa, siyo na chai. Na ndugu wawili wakachangie damu kabla, wasisubiri kukimbizana saa tisa usiku.

Sista Zamu ya Usiku
Mmenigusa, ngoja niseme saa ngumu kuliko zote, na wala siyo ya thieta. Ni asubuhi ya kesho yake. Mgonjwa kalala chali kama ubao, mpira wa mkojo umening'inia, dripu mkononi, hathubutu hata kukohoa. Sista anakuja: "Mama, leo tunaamka." Ndugu wanamtazama kama muuaji. Mmoja anashika mikono, mwingine anavuta mabega, mgonjwa anakunja tumbo kama anayekaa ghafla, mshono wote unavutika, anapiga yowe, kila mtu anasema basi arudi alale. Akirudi kulala siku mbili, mapafu yanajaa makohozi, utumbo unagoma, damu inaganda miguuni.

Inavyotakiwa ni hivi. Dawa ya maumivu itangulie nusu saa. Mto au kanga iliyokunjwa mara nne ikandamizwe juu ya mshono. Magoti yakunjwe, mwili wote ugeuke ubavu kwa pamoja, bega na nyonga, kama gogo. Miguu ishuke ukingoni, na uzito wake ndio unaoinua kifua huku mkono wa juu ukisukuma godoro. Hakuna wa kumvuta. Akae dakika tano, kizunguzungu kipite, ndipo asimame. Hatua sita mpaka dirishani, arudi. Mchana mara ya pili. Kitandani, kila saa avute pumzi ndefu mara kumi, akohoe ameshika mto, azungushe vifundo vya miguu. Mpira wa mkojo kwa kawaida unatoka ndani ya siku moja.

Aliyefanyiwa kwa matundu madogo atalalamikia bega, siyo tumbo. Ile ni gesi iliyopulizwa ndani inachokoza kiwambo cha kifua. Siku mbili tatu, dawa yake kutembea.

Babu Kumbukumbu
Mkisikia yowe la kitandani, msikieni na mwenzenu Jane Todd Crawford. Desemba 1809, Kentucky, Marekani. Tumbo limekuwa kubwa, wanadhani mapacha wamepitiliza siku. Daktari Ephraim McDowell anapima, anamwambia ni uvimbe wa ovari, na kwamba hakuna aliyewahi kuutoa mtu akapona. Mama anapanda farasi, maili 60 mpaka Danville, uvimbe umeegemea tandiko. Dawa ya usingizi haipo. Etha itakuja kuonyeshwa hadharani 1846. Alikatwa macho makavu, akisoma Zaburi, dakika 25. Ulitoka uvimbe wa zaidi ya kilo 10. Siku ya tano daktari anaingia chumbani anamkuta anatandika kitanda. Siku ya 25 akarudi kwao. Aliishi miaka 32 mingine.

Mke wa Mvuvi
Dakika 25 macho makavu?? Mimi sindano ya ganzi tu wananishika watu wanne.

Kanga Moko
Kilo kumi! Hiyo ni ndoo nusu ya maji ndani ya mtu.

Mama Kibarazani
Na hakunyolewa kwa mashine.

Fundi Ganzi
Mama!

Mke wa Mvuvi
Sasa na wa kwetu watandike kitanda siku ya tano?

Sista Zamu ya Usiku
Watandike shuka, wasiguse godoro. Wiki sita za mwanzo kwa aliyepasuliwa tumbo, asibebe kinachozidi kilo tano, yaani kidumu cha lita tano cha maji na basi. Ndoo ya lita 20 hapana, kutwanga hapana, mtoto abebwe na wengine. Bodaboda hapana. Choo cha kuchuchumaa awekewe kiti au kitu cha kushika. Tendo la ndoa lisubiri wiki nne hadi sita, na kizazi kikitolewa zaidi ya hapo, mpaka aonwe. Wa matundu madogo wengi wanarudi kazini wiki ya pili.

Bingwa wa Mtori
Na asile chochote mpaka ajambe.

Fundi Ganzi
Hiyo ilikuwa zamani. Kama utumbo haukukatwa, anaanza kunywa siku hiyohiyo na kula laini ndani ya saa 24. Hata kutafuna bigijii mara tatu kwa siku kunaamsha utumbo.

Bingwa wa Mtori
Wodi tuliyouguza walitukatalia mpaka hewa itoke.

Sista Zamu ya Usiku
Wote mko sahihi kwa wodi zenu. Fuateni ya anayemtibu. Anayetapika na tumbo limekaza kama ngoma asilazimishwe hata uji. Mtori wako ulete, Bingwa, ila usiwe na mafuta.

Mshono sasa. Bandeji inatoka baada ya siku mbili, anaoga maji yanayotiririka, anakaushwa kwa kugusa-gusa. Spiriti hapana, maji ya chumvi hapana, na wale wa kufungua kidonge cha rangi mbili na kunyunyiza unga juu ya kidonda, acheni. Kukanda tumbo kama mzazi, acheni kabisa. Nyuzi za mkato wa kulala hutoka karibu siku ya saba, wa kusimama siku 10 hadi 14. Paracetamol gramu moja, yaani vidonge viwili vya miligramu 500, kila saa sita, vidonge nane kwa siku ndiyo mwisho; diklofenaki, nayo ya maumivu, asipewe mwenye vidonda vya tumbo au figo mbovu.

Kati ya siku ya tano na ya kumi, yakitoka ghafla maji mengi ya rangi ya waridi kwenye mshono, ni ukuta wa ndani umeachia. Alale magoti yamekunjwa, kidonda kifunikwe kitambaa safi kilicholowa maji ya dripu, asile wala asinywe, gari liwashwe. Mguu mmoja kuvimba au pumzi kukata ghafla, gari hilohilo.

Dada Maabara
Mmeongea yote mkasahau kopo. Sehemu nyingi ndugu ndiye anayekabidhiwa uvimbe apeleke maabara. Uwe ndani ya fomalini (dawa ya kuhifadhi nyama isioze) asilimia 10, dawa iwe karibu mara kumi ya nyama. Maji yanauozesha, friza inaharibu chembe, spiriti siyo mbadala. Uvimbe ni mkubwa kuliko kopo? Ndoo yenye mfuniko, siyo kuukata nyumbani uenee. Jina, namba ya faili, kulia au kushoto, viandikwe kwenye mwili wa kopo, kwa sababu mifuniko hubadilishana. Bila majibu ya kopo hakuna anayejua kama ni wa kawaida au anatakiwa Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar, kwa dawa.

Mjukuu Mtiifu
Wakuu nimesoma yote. Bibi katolewa nyuzi leo, mkato wa kusimama, siku ya 12. Kesho tunapanda basi kutoka Dar kwenda Mwanza. Kuna tatizo?

Sista Zamu ya Usiku
Zaidi ya kilomita elfu moja. Ashuke atembee kila basi likisimama, anywe maji, asikunje miguu. Muulizeni daktari kuhusu sindano ya kuzuia damu kuganda. Majibu ya kopo mmechukua?

Mjukuu Mtiifu
Kopo gani?

Dada Maabara
Badilisha tiketi. Kesho saa mbili asubuhi uwe dirishani maabara na namba ya faili.