Tupeane uzoefu: nani amewahi kuwachora mashujaa wa komiki kizamani?

Mleta mada: Wakuu, kwema? Wa penseli na wa tableti, uzi wenu huu. Naanza mimi.

Niliona picha za Mfaransa Sacha Goldberger, yule aliyewavisha akina Superman mavazi ya mabwana wa Kiflemi (watu wa upande wa Ubelgiji) wa kale akawapiga picha. Nikajisemea, hii naiweza. Nikamchukua Batman, nikamvalisha ile kola ya kitani yenye marinda mazito. Kola tu ilinila siku nne! Namaliza, mtoto wa dada anachungulia: "Anko, mbona Batman kavaa chujio la chai?"

Iliniuma, ila nilipotulia nikaona kola haina kosa. Kosa ni mwanga. Nilimmulika kila upande, kama bango la sinema. Akina Rembrandt, wale wachoraji wa kale wa Uholanzi, mwanga wao unaingia upande mmoja, kama wa dirishani, na nusu ya uso inabaki gizani. Nikafuta, nikatandika kahawia iliyoiva turubai nzima, nyeusi ikaja juu yake nyembamba nyembamba. Hapo jamaa akatulia. Giza lenyewe si ndiyo kwao?

Mkono Mwepesi: Mkuu, mimi nilikwenda Japani ya enzi za Edo (karne ya 17 hadi ya 19) na Spider-Man. Kule kivuli sahau. Ni mstari na rangi bapa, maana picha zilichapwa kwa mbao, aghalabu kila rangi na ubao wake. Nikajiwekea sharti: rangi tano, basi. Nyekundu haikunisumbua. Bluu nilihangaika nayo mpaka nikasoma kwamba ile ya picha ya wimbi ya Mjapani Hokusai, miaka ya 1830, ni bluu ya Prussia, rangi iliyotoka Ulaya.

Nilipoharibu ni kwenye utando. Niliupiga kwa rula, ukawa nyavu ya goli. Nikaurudia kwa brashi, mkono ukitetemeka hivyo hivyo, ukakubali.

Msomaji Tu: Mie sichori, nipo kwenye kona yangu nafuatilia. Chujio la chai 😂😂

Mama Cherehani: Wanangu, mie ni fundi nguo. Mteja alitaka vazi la Wonder Woman "la zamani" kwa ajili ya sherehe. Nikachimba, nikakuta alipotoka mara ya kwanza, 1941, alivaa sketi ya bluu yenye nyota, wala si ile chupi ya kuogelea tuliyoizoea. Nikashona sketi, nyota nikazikata moja moja kwa mkasi mdogo, nikazizungushia zigizagi. Mteja kuja: "Mama, hii umekosea." Nikamwonyesha picha kwenye simu. Akaitazama, akaitazama nguo, akachukua. Salio mpaka leo sijaliona.

Mleta mada: Pole sana mama yetu. Nyota ulikata satini au kitambaa gani? Zangu za kitambaa huwa zinachanika pembeni.

Mama Cherehani: Satini, mwanangu, ila nyuma bandika gamu stifu, kile kitambaa kigumu cha ndani ya kola, kabla hujakata. Ukikata kwanza zitakufia mkononi.