Naomba ushauri: krenki ya injini ya 3L, ninunue mtumba, mpya au nisage hii?

Habari zenu wakuu. Niko Arua, nina Hiace ya abiria yenye injini ya dizeli ya Toyota, aina ya 3L. Dereva aliona taa ya oili imewaka akaendelea kukanyaga mpaka mjini (eti alidhani ni waya!). Beringi ya konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki) ya silinda ya tatu imeyeyuka, na krenki, yaani ile shafti inayozungushwa na pistoni, hapo imechimbika na kugeuka rangi ya buluu.

Fundi anasema tusage, yaani tuipunguze kidogo iwe laini tena. Lakini krenki hii ilishasagwa milimita 0.50, na ule ubuluu unanitisha, maana chuma kikiungua hivyo ugumu wa juu huwa umepotea.

Nimepiga simu Kisekka, soko la vipuri Kampala. Kuna mtumba wa Japani wa saizi ya kiwandani, na mpya ya Kichina kwa bei inayokaribiana. Mwingine akanisukumia ya injini ya 2L, "zinaingiliana tu ndugu". Hiyo nimeikataa: mwendo wa pistoni wa 2L ni milimita 92, wa 3L ni 96, kwa hiyo pistoni ingeishia milimita 2 chini na kompresheni ingeanguka. Ya 5L nayo ni 96, ila sijui kama shingo zake (sehemu zinazokaa ndani ya beringi) zinalingana na za 3L. Aliyewahi kuifunga anijuze.

Mtumba nikiupata, nipime nini palepale dukani kabla ya kulipa? Kutoka Kampala hadi huku ni mbali, siwezi kurudisha mzigo. Na je, mpya ya Kichina inavumilia kazi ya abiria?