Niliomba saa nne, mama alikuwa ameshafariki saa mbili. Kwa Mungu wa milele, sala huchelewa?

Mlinda Ghala ameuliza:

Habari zenu wapendwa. Naomba mnivumilie, swali langu ni la imani lakini limeanzia kwenye saa ya simu.

Miezi mitatu iliyopita mama alikuwa aingizwe chumba cha upasuaji saa moja jioni. Alinipigia mchana akaniambia, "Mwanangu, wakiniingiza tu, niombee." Nikamwandikia na ujumbe kabisa ili asiwe na wasiwasi: "Saa moja kamili nitakuwa magotini." Nikatega kengele. Ilipolia, lori lilikuwa limeshageuza mlangoni na mimi nahesabu maboksi, nimefika mia na kitu. Ukipoteza hesabu pale unaanza upya. Nikaizima, nikajiambia dakika tano.

Nilipokuja kukumbuka ilikuwa saa nne. Nikajifungia stoo, nikaomba kama sijawahi kuomba maishani: Bwana, mshike mkono, mvushe salama. Saa tano dada akapiga. Mama alikuwa amefariki saa mbili na dakika kumi.

Mzee mmoja wa kanisa aliniambia kwamba Mungu ni wa milele, hana saa, kwa hiyo sala yangu haikuchelewa. Nilimshukuru. Ila usiku nikilala maneno hayo yananigomea. Kama kwake saa mbili na saa nne ni mamoja, mimi nilikuwa namwombea mtu aliye hai au marehemu? Kama sala ya saa nne inafika saa mbili, mbona mama hakupona? Na kama haifiki, basi nilimwangusha mama siku aliyonihitaji.

Naomba anayeuelewa umilele wa Mungu anieleweshe. Kubembelezwa nimeshabembelezwa.

Neema Tele amejibu:

Pole sana mpendwa. 2 Petro 3:8, kwa Bwana siku moja ni kama miaka elfu. Usijihukumu. Mama yuko mahali pema.

Katekista Mstaafu amejibu:

Pole, mwanangu. Nimefundisha katekisimu miaka mingi, na watoto swali lako huniuliza kwa mlango mwingine: Mungu alikuwa anafanya nini kabla hajaumba? Agostino, aliyekuwa askofu wa Hippo na kufariki mwaka 430, anasimulia kuna mtu aliyelijibu kwa mzaha, kwamba alikuwa anawaandalia jehanamu wanaochokonoa mambo makuu. Yeye hakuutaka mzaha huo. Jibu lake ni kwamba hakukuwa na "kabla", kwa sababu wakati nao ni kiumbe, umeumbwa pamoja na dunia.

Neno letu "milele" limebebeshwa mzigo mkubwa mno. Wazee walikuwa na maneno mawili: azali, kisicho na mwanzo, na abadi, kisicho na mwisho. Roho yako ni ya abadi, ila si ya azali, kwa maana kulikuwa na siku hukuwapo. Mwenye yote mawili ni Mungu peke yake. Ndiyo maana Zaburi ya 90 haikutosheka na "hata milele", ikasema "tangu milele hata milele ndiwe Mungu". Na ugomvi wa mkutano wa maaskofu kule Nikea mwaka 325 ulikuwa papo hapo. Padri mmoja, Ario, alifundisha kwamba kulikuwa na pale ambapo Mwana hakuwapo, yaani alimpa Kristo abadi akamnyima azali. Maaskofu wakakataa.

Lakini ukiunganisha azali na abadi ukaishia hapo, unapata kamba ndefu tu isiyo na ncha. Mwanafalsafa Boethius, akiwa kifungoni anangoja kuuawa, karibu na mwaka 524, alikwenda mbele zaidi: umilele ni kuwa na uhai usio na kikomo, wote kwa pamoja na kwa ukamilifu. Wote kwa pamoja! Sisi uhai tunalishwa kwa kijiko. Jana tumeshaimeza, kesho bado iko chunguni. Mungu halishwi kwa kijiko.

Sasa nije kwako. Mzee wako alisema kweli, ila alikupa nusu. Sala yako Mungu hakuipata saa nne kama mtu anayepokea barua. Isaya 65:24 inasema, "kabla hawajaomba, nitajibu". Saa mbili na dakika kumi, mama yako anaondoka, sala ya stoo Mungu alikuwa nayo. Nusu iliyobaki ni chungu. Mwanateolojia Thomas wa Akwino, aliyefariki 1274, alifundisha kwamba hata Mungu hafanyi lililokwisha kutokea lisiwe limetokea. Si kwamba anashindwa, bali kauli yenyewe inajipinga. Kwa hiyo umilele hauwezi kutumiwa kama mlango wa uani wa kurudi kubadilisha saa mbili. Kusikilizwa ni jambo moja, kupewa ulichotaka ni jingine, na hilo la pili lingekukuta hata kama ungeomba saa moja kamili bila kukosea dakika.

Nauliza Tu amejibu:

Shikamoo Katekista. Mlinda Ghala, pole, na samahani kwa nitakayosema, lakini umesema hutaki kubembelezwa.

Walimu wa Kiyahudi walishaligusa hili kwenye Mishna, mkusanyo wa mafundisho yao ya kale, sura ya 9 ya sehemu iitwayo Berakhot. Mtu anarudi safari, anasikia kilio mjini, anasema, "Mungu na isiwe nyumbani kwangu." Wao wanasema hiyo ni sala ya bure. Angalieni, mtu yule bado hajajua kitu! Lakini nyumba inayolia inalia tayari. Sioni tofauti yake na mtu aliye stoo saa nne.

Halafu huyo Mungu wa "wote kwa pamoja" ananisumbua. Anajua mama alifariki saa mbili na dakika kumi, sawa. Je, anajua kwamba sasa hivi hayupo? Unaweza kuijua ratiba yote ya treni, kila kituo na kila dakika, na bado usijue treni iko wapi kama huna saa. Ndiyo maana wapo wanafalsafa Wakristo, Nicholas Wolterstorff mmojawapo, aliyeandika hoja hiyo mwaka 1975, wanaosema Mungu wa Biblia hana mwanzo wala mwisho lakini anaenda nasi ndani ya wakati. Anakumbuka, anasubiri, anajibu. Mimi niko upande huo. Anayesubiri naweza kuzungumza naye.

Kwa hesabu yangu basi, ndugu, ulichelewa. Ulichelewa kwa sababu ulikuwa kazini unahesabu maboksi, na hilo silioni kuwa dhambi. Ila tusiseme hukuchelewa.

Katekista Mstaafu amejibu:

Marahaba. Mishna umeisoma sawasawa, na hoja ya treni ni ngumu, sitajidai kuimaliza hapa. Neno moja tu. Msafiri yule alitaka habari iliyokwisha kuwa igeuke. Huyu alisema "mvushe salama". Rudi usome alivyoandika. Mto una ng'ambo mbili, na hakutaja ipi.

Sauti ya Tatu amejibu:

Mimi ni mwanakwaya tu, teolojia nawaachia nyinyi. Lakini nashangaa hakuna aliyemtaja yule ofisa wa Kapernaumu kwenye Yohana 4. Mwanawe yu mahututi, anakwenda kumwomba Yesu, anaambiwa nenda, mwanao yu hai. Akiwa njiani watumishi wanampokea kwa habari njema, na yeye kitu cha kwanza anauliza ni saa ngapi! "Jana, saa saba, homa ilimwacha." Akalinganisha, akakuta ni saa ileile. Mlinda Ghala, na wewe umefanya kama yule baba, ila hesabu yako imekataa.

Sasa sogea sura ya 11. Yesu anapata habari Lazaro ni mgonjwa, anakaa siku mbili zaidi palepale. Anafika, marehemu ana siku nne kaburini. Martha anatoka kumlaki na hana habari ya azali wala abadi: "Bwana, kama ungalikuwapo hapa, ndugu yangu hangalikufa." Kwa Kiswahili cha mtaani, umechelewa. Na Yesu hamjibu kwamba kwake siku nne ni mamoja. Angeweza, maana sura ya 8 ameshasema, "Yeye Ibrahimu asijakuwako, mimi niko." Badala yake anauliza wamemweka wapi, kisha analia.

Na yeye mwenyewe saa yake imeandikwa. Marko anasema saa tisa. Sisi wa Kiswahili tuna bahati hapo, hatuhitaji kugeuza hesabu, saa tisa yao ndiyo saa tisa yetu ya alasiri. Wa tangu milele hata milele alikata roho kwa saa inayojulikana, kama mama yako. Nauliza Tu, kuhusu treni, mimi nadhani aliwahi kuipanda.

Nauliza Tu amejibu:

Hiyo ya kuipanda nimeikubali. Ila ujue imekuja upande wangu, si wa Boethius.

Sauti ya Tatu amejibu:

Gombaneni na Katekista.

Mlinda Ghala amejibu:

Nimesoma yote mara mbili, nawashukuru. Nauliza Tu, usiniombe samahani. Wewe ndiye wa kwanza kuniambia nilichelewa, na usiku ule nililala hadi asubuhi. Wengine wote walikuwa wananizungusha na mimi najua saa ni ngapi.

Katekista, lile neno "mvushe" nililisema bila kulifikiria. Nilikuwa nataka ng'ambo ya huku, nisikudanganye. Nimewaza sana kama inahesabika nikiwa nilitaka huku na ikawa kule. Martha naye alitaka ndugu yake asife kabisa.

Kuna jambo sikuwaambia. Ile kengele, siku ile nilikosea nikaitega ijirudie kila siku, na sijaifuta. Saa moja jioni inalia. Jana imelia niko palepale mlangoni, lori limegeuza, nimefika boksi la themanini na tatu. Nikamkabidhi mwenzangu karatasi, nikamwambia ashike themanini na tatu, nakuja. Nikaingia stoo. Sikuwa na la kuomba, nikakaa juu ya boksi mpaka akaniita.