Kikundi cha Nyumba ya Kisauni: blogu ya Mjomba

Mjomba Athumani 19:02
Assalaam alaikum. Mwezi ujao natimiza 60, natoka kazini. Blogu ya majina ya samaki na aina za upepo ina makala 611 tangu 2011, nataka iendelee. Nianze na lipi?

Zuhura 19:05
Waalaikum salaam, shikamoo Mjomba. Kabla ya makala ya 612, fungua akaunti yako ya Google, sehemu ya usalama, utazame barua pepe na namba ya kurejeshea akaunti. Kama ni barua pepe ya ofisini, badilisha wiki hii. Wakishaifunga, siku ukisahau nywila msimbo wa kukuthibitisha utatumwa kwenye sanduku usiloweza kulifungua.

Salim 19:08
Na domeni, yaani anwani ya blogu uliyoinunua, vilevile. Ilani ya kulipia .co.ke huenda kwenye barua pepe uliyojisajili nayo. Tarehe ikipita blogu haifutiki, ila anwani haifunguki. Ukichelewa sana mtu anaisajili yeye, unakuta matangazo ya kamari chini ya jina lako. Lipia miaka 2 kwa mpigo, kiinua mgongo kikiwa bado cha moto 😄

Mjomba Athumani 19:14
Marahaba. Kweli, zote mbili ni za ofisi. Na namba iliyowekwa ni ile laini ya zamani.

Zuhura 19:16
Ile isiyotiwa salio? Itoe. Laini ikilala muda mrefu kampuni huifunga na kumpa mteja mwingine. Halafu chukua misimbo ya akiba, ya kuingilia akaunti simu isipokuwapo: Google hutoa 10, kila mmoja una tarakimu 8 na hutumika mara moja tu. Iandike kwenye karatasi, uiweke pamoja na hati ya nyumba. Usiipige picha kwa simu hiyohiyo. Simu ikiibiwa, na misimbo imekwenda.

Bi Mwanakombo 19:21
Athumani, na nakala je?

Mjomba Athumani 19:22
Ninayo, Dada. Faili moja dogo, napakua kila Desemba.

Salim 19:25
Huo udogo ndio tatizo, Mjomba. Faili hilo lina makala, kurasa na maoni. Picha hazimo, mna viungo tu vya kuzielekea. Akaunti ikipotea utabaki na maelezo ya changu na tasi bila samaki wenyewe.
Ingia Google Takeout, huduma ya kupakua data zako zilizoko Google, ondoa alama zote, weka ya Blogger pekee, ndiko blogu yako iliko, kisha chagua ratiba ya kila miezi 2 kwa mwaka mmoja. Utaletewa mara 6. Barua ikija pakua siku hiyohiyo, kiungo hufa baada ya kama wiki moja. Na usiridhike na kupakua: fungua zip, ingia folda za ndani, uone picha kwa macho. Zisipokuwamo, kusanya zile za asili kutoka kwenye simu na kompyuta.

Bi Mwanakombo 19:31
Mkishapakua, weka sehemu mbili, na moja isiwe nyumba hiyo. Flashi peke yake siiamini, hasa huku kwetu: hewa ya chumvi hula zile shaba za kuchomekea. Itie kwenye kopo linalofunga vizuri, pamoja na vile vipakiti vya silika vya kwenye makasha ya viatu. Ichomeke kila baada ya miezi 6, ufungue mafaili mawili matatu.
Makala bora 50 zichapishe kwa printa ya leza. Wino wa maji ukipata unyevu huchuruzika. Acha sentimita 3 kushoto za kushonea. Selotepu ni marufuku, hugeuka njano na kula karatasi.

Mjomba Athumani 19:38
Makala za mwanzo zina makosa. Naweza kubadili vichwa?

Zuhura 19:40
Kichwa badili upendavyo, anwani ya makala usiiguse. Ile yenye /2011/08/ ndiyo watu waliyoihifadhi. Ukilazimika, weka uelekezo kwenye mipangilio, toka anwani ya kale hadi mpya. Na maoni ya makala zilizozidi siku 14 yapitie kwako kwanza. Matangazo ya mikopo hupenda makala kuukuu.

Salim 19:47
Lingine, tuambiane tu. Akaunti isiyoingiwa kwa miaka 2 Google wanaweza kuifuta. Pale kwenye mipangilio ya akaunti isiyotumika unachagua miezi 3, 6, 12 au 18 ya ukimya, na watu hadi 10 wa kupewa data. Weka 12. Pia mtu mmoja awe msimamizi wa pili wa blogu tangu sasa.

Mjomba Athumani 19:55
Hakuna la kuona haya, kifo ni haki. Zuhura na Salim, nitumieni barua pepe zenu, za nyumbani si za kazini. Dada, leza iko wapi?

Bi Mwanakombo 19:57
Duka la stesheneri karibu na msikiti. Nenda asubuhi, mchana ni foleni ya wanafunzi.