Posti za Instagram nikizipanga mapema zinachelewa kutoka

MamaVitenge: Wadau, habari za leo. Nauza vitenge Kariakoo, mchana wateja wakijaa simu sishiki. Nimeunganisha Instagram na huduma moja ya kupanga posti. Naweka itoke saa 7 mchana, watu wakiwa kwenye chakula, inatoka saa 10 jioni! Ya binti yangu ndiyo haitoki kabisa, anapata ujumbe tu kwamba muda umefika. Shida nini?

KijanaWaIlala: Shikamoo mama. Hayo masaa matatu ya kuchelewa ni tofauti ya majira. Huduma inahesabu UTC, yaani saa za kimataifa, sisi tuko mbele yake kwa masaa matatu. Ingia kwenye mipangilio ya huduma hiyo, kwenye majira chagua Dar es Salaam au Nairobi, kisha zilizopangwa tayari zikague mojamoja. Na saa 7 mchana kwao ni 13:00, usije ukaandika 7 ikatoka watu wanapiga mswaki.

fundi_simu: Binti ana akaunti binafsi, ya kawaida, si ya biashara. Instagram hairuhusu programu za nje kupostia hizo. Abadili iwe ya biashara, ni bure. Ila kama unapostia Instagram na Facebook tu, mimi naona Meta Business Suite, programu ya wenye Instagram wenyewe, inatosha, hailipiwi. Na huduma yoyote inayokuomba nywila ya Instagram uiandike kwenye ukurasa wake, kimbia.

MamaVitenge: Marahaba mwanangu, ilikuwa UTC kweli. Video zenye nyimbo je?

fundi_simu: Nyimbo za maktaba ya Instagram hazipitii kwenye huduma hizo za nje. Hizo pandisha kwa mkono.