Florida State: kutoka mechi 13 bila kufungwa hadi ushindi wa mechi 2, kulitokea nini?

mgeni_orlando
Ndugu zangu, naomba kueleweshwa. Nilihamia Florida mwishoni mwa 2023, na kazini kwetu hapapiti Jumatatu bila mazungumzo ya futiboli ya Kimarekani ya vyuo vikuu. Nilipofika niliambiwa kwamba Chuo Kikuu cha Florida State, cha kule Tallahassee, kilikuwa kimemaliza msimu wa 2023 kikiwa bingwa wa ACC, mojawapo ya ligi kubwa za vyuo, na kimeshinda mechi zote 13 kabla ya mechi ya mwisho. Msimu wa 2024 kilianza kikiwa nafasi ya 10 katika orodha ya timu bora ya shirika la habari la AP, lakini kilimaliza na ushindi wa mechi 2 na vipigo 10. Sisi tuliokulia kwenye ubishi wa Simba na Yanga tumezoea timu kuyumba, lakini anguko la namna hii sijapata kuliona. Je, kiini chake ni nini? Na la pili, ambalo naona aibu kuwauliza wenzangu kazini: timu iliyofungwa kiasi hiki haishuki daraja?

kiti_cha_nyuma
Nianze na swali lako la pili kwa kuwa ni jepesi: haishuki. Vyuo hupangwa katika ligi kwa makubaliano na mikataba, si kwa matokeo ya msimu, hivyo Florida State itabaki ACC hata kama ingefungwa mechi zote.

Kuhusu kiini, kwa maoni yangu anguko halikuanza Agosti 2024 kule Dublin, walikofungwa na Georgia Tech 24-21 kwa mpira uliopigwa teke dakika za lawama kabisa. Angalia kikosi cha 2023 kilijengwaje. Katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NFL, ligi ya kulipwa ya Marekani, Aprili 2024 walichaguliwa wachezaji 10 wa Florida State, na kati ya hao, 9 walikuwa wameanzia vyuo vingine: Jared Verse alitoka Albany, Keon Coleman alitoka Michigan State, Braden Fiske alitoka Western Michigan, Trey Benson alitoka Oregon, na hata Jordan Travis, kwotabeki (mchezaji anayeongoza mashambulizi na kutupa mpira) aliyeibeba timu, alianzia Louisville. Renardo Green peke yake ndiye aliyelelewa hapo tangu mwanzo. Utaratibu wa sasa unamruhusu mchezaji kuhama chuo na kucheza papo hapo, na kocha Mike Norvell aliutumia kwa ustadi mkubwa. Shida ni kwamba wachezaji wa aina hiyo hukaa mwaka mmoja au miwili tu. Walipoondoka wote kwa mkupuo, nyuma yao hapakuwa na vijana wa kutosha walioandaliwa kurithi nafasi zao, kwa hiyo Norvell akarudi sokoni, na safari hii hakupata alichokipata mwanzo.

mama_wawili
Nakubaliana nawe, kaka, lakini umelipitia juu juu suala la kwotabeki, na mimi naliona ndilo kubwa. Travis alivunjika mguu Novemba 2023 dhidi ya North Alabama, na kuumia kwake ndiko kulikoifanya kamati inayochagua timu iwaache nje ya timu nne za kuwania ubingwa wa taifa ingawa hawakuwa wamefungwa. Wengi kikosini hawakucheza mechi ya mwisho wa msimu, Orange Bowl, nao wakapigwa na Georgia 63-3. Kisha akaletwa DJ Uiagalelei, aliyekwisha kupitia Clemson na Oregon State. Naye aliumia mkono wa kutupia mpira katika mechi dhidi ya chuo cha SMU, mikoba ikabaki kwa vijana wawili, Brock Glenn na Luke Kromenhoek.

Wakati huohuo safu ya mbele ilikuwa inapitika kama uchochoro, na mashambulizi ya kukimbia na mpira hayakuwepo. Jumlisha mwenyewe: pointi 185 katika mechi 12, na 41 kati ya hizo zilipatikana dhidi ya Charleston Southern, timu ya daraja la chini. Hakuna timu ya daraja lao waliyoifunga zaidi ya pointi 21. Duke walikuwa hawajawahi kuifunga Florida State katika historia yote. Mwaka 2024 wakaifunga 23-16. Memphis, timu aliyoifundisha Norvell kabla ya kuja Tallahassee, ilikuja ikamfunga nyumbani kwake 20-12. Hiyo ya Memphis nadhani ilimuuma kuliko zote.

mgeni_orlando
Asanteni sana, kaka na dada. Sasa mbona kocha hakufukuzwa? Kwetu angefukuzwa kabla ya mzunguko wa kwanza kuisha.

kiti_cha_nyuma
Mkataba, ndugu yangu. Januari 2024, chuo cha Alabama walipokuwa wanatafuta kocha mpya na jina la Norvell likawa linatajwa, Florida State iliharakisha kumpa mkataba wa miaka 8 wenye malipo ya zaidi ya dola milioni 10 kwa mwaka. Kumfukuza mwishoni mwa msimu wa 2024 kungegharimu zaidi ya dola milioni 60. Waliofukuzwa ni wasaidizi wake: siku moja baada ya kupigwa na Notre Dame 52-3, waliondolewa Alex Atkins wa mashambulizi na Adam Fuller wa ulinzi. Baada ya msimu huo mashambulizi alipewa Gus Malzahn, ambaye mpaka Novemba 2024 alikuwa kocha mkuu wa chuo cha UCF, hapo hapo Orlando unapoishi, na ambaye Norvell aliwahi kufanya kazi chini yake katika chuo cha Tulsa.

mama_wawili
Tena usisahau kwamba Norvell amewahi kutoka shimoni. Mwaka 2021 alianza kwa vipigo vinne mfululizo, kikiwemo cha Jacksonville State katika mchezo wa mwisho kabisa wa mechi, na mwaka uliofuata akashinda mechi 10. Ila kipindi kile alikuwa na Travis.

Na wenzako kazini wakikuambia kwamba 2024 ndio msimu mbaya kuliko yote katika historia ya chuo hicho, waulize kuhusu 1973. Walicheza mechi 11, wakafungwa zote 11.