Wakuu, raki ya amplifaya inahitaji kondishena ya umeme au natupa hela?

Besi_Nzito
Wakuu, habari za jioni. Sisi ni bendi ya kawaida, tunapiga harusi, sendofu na mahafali, Dar na Pwani, mara mojamoja Morogoro. Raki ina amplifaya tatu: mbili za zamani, nzito, za transfoma, zinasukuma sabufa, moja nyepesi ya kisasa ni ya spika za juu. Miksa ni ya dijitali.

Umeme wa kumbi mnaujua. Jioni feni na majokofu yote yamewashwa, volti zinashuka. Usiku wa manane watu wakianza kuondoka, zinapanda. Sasa kuna jamaa katoka Marekani na kondishena ya Furman ya kufunga kwenye raki, ina taa nzuri mbele, anataka laki nne. Mpiga kinanda wetu anasema bila hiyo amplifaya zitakufa, na tukiifunga ule mvumo kwenye spika utaisha. Mweka hazina anasema ni ekstensheni iliyovaa suti. Nani mkweli? Naomba kuwasilisha.

Kiti_cha_Mbele
Ngoja waje wenyewe. Nimeshakaa.

Fundi_Waya
Mweka hazina mnunulieni soda.

Mkuu, ndani ya kondishena nyingi za raki kuna vitu vitatu: varista za kumeza umeme unaoruka ghafla, kichujio cha kelele za masafa ya redio, na safu ya soketi. Volti hazipandishi wala hazishushi. Ukumbi ukikupa 180, amplifaya nazo zinapata 180, na ile namba inayowaka mbele inakusomea tu msiba. Za kurekebisha volti zipo, Furman wenyewe wanazo, ila hizo ni mashine nyingine na bei nyingine.

Kinachonitisha mimi kwenye kumbi zetu ni nyutro, ule waya wa kurudishia umeme. Ukumbi wa fezi tatu, nyutro ikikatika au ikilegea, fezi yenye mzigo mdogo inaweza kupanda kuelekea 400. Varista imeundwa kumeza pigo la kufumba na kufumbua. Ukiikalisha kwenye volti hizo inachemka mpaka inaungua, halafu zamu inafika kwa amplifaya. Hapo unahitaji kitu cha KUKATA. Yale ma-friji gadi, wakubwa wao wapo: Sollatek wana AVS 30, ya ampea 30. Umeme ukizidi au ukipungua inakata, na ukirudi inasubiri utulie kwanza. Haina taa za kupendeza, lakini hela yako ya kwanza ipeleke huko.

Mama_Kwaya
Fundi, shikamoo. Kanisani kwetu tumefunga stebilaiza na vyombo vyote vinapitia hapo. Tumekosea?

Fundi_Waya
Marahaba mama. Hamjakosea, ila angalieni ukubwa wake. Sabufa zinavuta umeme kwa vishindo, na stebilaiza ya mota hurekebisha taratibu: ngoma ikishapiga ndiyo inaanza kuzunguka. Kama ni ndogo, yenyewe inakuwa kikwazo.

Na niwatoe watu hofu kuhusu volti kushuka. Amplifaya ya transfoma isiyo na urekebishaji ndani, ya 230, ikipata 190 nguvu yake inabaki kama asilimia 68. Inatisha kuisoma, lakini kwa sikio ni pungufu ya desibeli 2. Hakuna shemeji atakayeacha kucheza kwa desibeli 2. Zile nyepesi za kisasa, kama nyuma imeandikwa 100–240, hazishughuliki kabisa. Anayeumia ni miksa ya dijitali: umeme ukipepesa inajizima, na kuwaka tena inachukua muda wake huku bwana harusi kasimama mlangoni. Mpe UPS ya kompyuta, ile yenye betri ndani, yeye peke yake. Amplifaya usiziweke humo.

Sauti_ya_Mvita
Ndugu yangu Besi, huo mvumo usiutafutie kondishena. Kama ni ule mzito wa chini usiobadilika, mara nyingi kinanda kimechomekwa soketi ya jukwaani na miksa iko soketi ya upande wa pili wa ukumbi, ethi (nyaya za ardhini) mbili tofauti zinakutana kwenye waya wa sauti. Lisha vyote kutoka sehemu moja. Ukishindwa, tia DI boksi, kile kiboksi cha kuunganishia ala na miksa, iwe yenye transfoma, kati ya kinanda na miksa, bonyeza swichi yake ya kuachanisha ethi. Huachanisha upande wa waya wa sauti tu, si wa umeme.

Kuna vijana husema kata mguu wa ethi kwenye plagi, mvumo waisha. Waisha kweli, na wewe waweza kwisha nao. Leslie Harvey, mpiga gitaa wa Stone the Crows, alifia jukwaani Swansea mwaka 1972 kwa kushika maikrofoni isiyokuwa na ethi. Wala usinijibu eti huko ni Ulaya.

Kinanda_Mkongwe
Mnaidharau mno. Mimi ninayo, ya volti 230, na siiuzi. Raki nzima inawaka kwa swichi moja, taa zinanionyesha nyaya gizani, na soketi hazilegei kama za ekstensheni za sokoni.

Fundi_Waya
Mzee wangu, hapo sikubishii. Nunua kwa sababu hizo, ni sababu nzuri. Ila ukiwasha kwa swichi moja usiiache miksa iamke nyuma ya amplifaya, spika zitapigwa "bup". Amplifaya ziwake mwisho, zizimwe kwanza.

Na wakuu, angalieni waya wa kutoka kwenye chanzo. Meta 50 za waya wa milimita 1.5, ukivuta ampea 10, unapoteza kama volti 12 njiani. Wa 2.5 unapoteza 7 hivi. Watu wanalaumu ukumbi, kumbe wamebeba tatizo kwenye buti la gari.

Besi_Nzito
Asanteni sana wakuu. Nimeenda kusoma lebo: volti 120, ampea 15. Jamaa anasema nisiwe na wasiwasi, ataniongezea transfoma ya kushushia umeme, bure.

Fundi_Waya
Transfoma ya VA ngapi, yaani uwezo wake wa kubeba mzigo?

Besi_Nzito
Imeandikwa 500.

Fundi_Waya
Hiyo ni ya blenda mkuu. Na hata angekupa ya 5000, amplifaya zako za 230 utazichomeka kwenye soketi za 120 zikale nini?

Kiti_cha_Mbele
😂😂 Mweka hazina aongezewe na chapati.